Kidonda Ulichomwonyesha Nabintu

Mama,

Nianze na lile linaloniuma, maana salamu nzuri nimezitafuta siku tatu nikazikosa. Bado ninamwonea wivu maman Nabintu. Umelala kwenye udongo wa Nyantende tangu mwaka jana, maharage ya shamba la jirani yamevunwa na kupandwa tena, na mimi mwanao, mwanamke wa miaka arobaini na moja, muuguzi mwenye diploma ukutani, bado ninamwonea wivu rafiki yako kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa.

Mambo yenyewe unayajua. Lakini acha niyasimulie jinsi nilivyoyaona mimi, kwa sababu hukuniuliza hata siku moja niliyaonaje.

Ilikuwa siku ya pili ya Noeli. Nilitoka kwangu Cimpunda na dagaa wa sambaza, wakavu, na kipande cha sabuni, nikakukuta kwenye kiti cha mbao, umekalia upande mmoja tu, kama mtu anayetaka kusimama kila wakati. Nikakuuliza, ukasema ni mgongo. Nikaamini. Nilisomea kazi hii miaka minne, Mama, na nikaamini ni mgongo. Ulipoinuka kwenda kutazama sufuria, niliona damu nyuma ya kikwembe chako. Ulikuwa na miaka sitini na nne. Damu ya mwezi ilikuaga zamani, wakati mimi bado ni mwanafunzi.

Nikasema, "Mama, una damu."

Hukunitazama. Ulimtazama maman Nabintu aliyekuwa kwenye mkeka akichambua majani ya sombe. Naye alikutazama. Sijasahau kutazamana kule. Nimewahi kuona watu wakitazamana hivyo: mume na mke, ugomvi wao ukiwa umesikika nje.

Yeye ndiye aliyesema. "Riziki, mama yako iko na kidonda. Kule chini. Ni siku mingi. Aliniomba nisikuambie."

"Siku ngapi?"

"Tangu Pasaka. Hapana hii. Ile ingine."

Nilihesabu hapohapo, nikiwa nimesimama na sabuni mkononi. Mwaka mmoja na miezi minane. Katika muda ule nilikuwa nimekuja kwako kila Jumapili ya pili, tukala bugali kwenye sahani moja, ukanisuka nywele, ukaniuliza habari za kazi. Kazi yangu! Kila Ijumaa nilikuwa nasimama mbele ya mabenchi ya kituo chetu cha afya, nawaambia wanawake wa Cimpunda waje tuwatazame mlango wa kizazi, wasiogope, wasione haya. Wananifuata. Wanajifunua mbele yangu. Na wewe ulikuwa unajifunika.

Nilitaka nikitazame kidonda palepale. Ukaubana mlango wa chumba kwa mkono na ukaniambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nashindwa kujua kama niyapende au niyachukie: "Hapana, Riziki. Weye ulipitia pale. Mutoto haangalie njia yenye alipitia."

Halafu ukamwita yeye ndani. Mlango ukafungwa. Nikabaki na kuku uani.

Ulikubali kwenda hospitali kwa sharti moja, kwamba Nabintu ndiye angeingia nawe kwa daktari. Basi nikakaa nje, kwenye korido ile ndefu ya hospitali ya Ibanda, mimi ninayejua jina la kila chombo kilichokuwa mle chumbani. Wanawake wengine kwenye benchi waliniuliza, "Umemleta nani?" Nikasema mama yangu. "Sasa mbona uko nje?" Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya polepole. Alitoka akanieleza kama mtu wa kazi anavyomweleza mwenzake. Uvimbe ulikuwa kwenye shavu la kushoto la uke, kwa nje, mkubwa kama yai la kuku, umepasuka katikati na kuwa kidonda. Mitoki, yaani tezi za kinena, ilikuwa imevimba pande zote mbili. Alikuwa amekuchoma sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo kama punje ya dengu, kipelekwe kwenye maabara, kwa sababu kwa macho mtu anaweza kushuku saratani lakini hawezi kuapa. "Jibu litachukua wiki tatu hivi," akasema. Kisha akaongeza, "Rafiki ya mama alinieleza historia yote. Anaikumbuka muzuri sana."

Anaikumbuka muzuri sana.

Historia yote nikaja kuisikia kutoka kwa Nabintu, wewe ukiwa umelala. Ilianza na muwasho. Ukaosha kwa maji ya moto na chumvi. Muwasho ukarudi. Ukatumia majani. Halafu mkaenda wote wawili kwenye duka la dawa, ukasema ni binti yako anayeumwa, wakakupa dawa ya kupaka ya fangasi, tyubu moja, ya pili, ya tano. Ngozi ikawa nyeupe, kisha ngumu, kisha ikapasuka. Na kuna siku mlisikia kwamba mahali fulani wanapima wanawake, mkaenda pamoja, ukapakwa siki ya kupimia ndani, wakakuambia mlango wa kizazi ni safi kabisa. Mlirudi mkiimba. Hakuna aliyekuwa ametazama ngozi ya nje, na wewe hukusema, kwa kuwa hukuulizwa.

Siwezi kuwalaumu, Mama. Mimi nafanya kazi ileile. Ni mara ngapi nimefungua mlango wa watu bila kutazama kizingiti?

Jibu lilipotoka lilikuwa lile nililolijua. Saratani ya sehemu za nje za uke. Walikufanyia upasuaji mwezi wa pili: wakatoa uvimbe na shavu lote, wakafungua kinena huku na huku wakatoa mitoki. Wakati ule ndipo wivu wangu ulipokomaa. Nilikuwa natoka kazini nakimbia na uji wa moto, nafika nakuta umeshakula uji wa Nabintu. Nakuta miguu yako iliyovimba iko juu ya mapaja yake, anaikanda kuanzia vidole kupanda juu. Siku moja nilifika mlangoni nikasikia mnacheka. Mshono wa kinena ulikuwa umeachia, chumba kilikuwa na harufu ambayo wagonjwa wenzako waliivumilia kwa heshima tu, nanyi mlikuwa mnacheka habari ya mwanamume fulani aliyewaposa wote wawili katika wiki moja, zamani, mkiwa wasichana. Niliingia, mkanyamaza. Hilo la kunyamaza lilinichoma kuliko kicheko.

Muuguzi wa zamu alipouliza afundishe nani kusafisha kidonda nyumbani, ulinyoosha kidole kwake. Kwake! Nikasimama pale nikamwona Nabintu, mkulima wa mihogo, akivaa glavu kwa kuzigeuza, akikunja kitambaa cha kompresi vibaya. Nikamsahihisha mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa: "Si hivyo. Hivyo unamletea mikrobu." Akasema, "Asante, mwanangu," akakunja upya. Wewe ukanitazama. Ulijua.

Nilikuwa najiuliza kwa nini ananiuma hivi, kwani maisha yangu yote amekuwa nyumbani kwetu. Nilipopata damu yangu ya kwanza, nikiwa darasa la sita, nilikuja kwako mbio na gauni la shule limechafuka, na wewe ulifanya nini? Ulinifunga kitenge kiunoni ukaniambia, "Nenda kwa maman Nabintu, atakuelezea." Shangazi zangu walikuwa mbali, nilielewa. Yeye ndiye alinikalisha nyuma ya nyumba yake akanionyesha namna ya kukunja kitambaa. Wewe na mimi tuliongea kila kitu, Mama: masomo, wanaume, Mungu, bei ya mafuta. Lakini mwili ulimwachia yeye. Wangu na wako.

Daktari alipotuita kutuambia kwamba kingo za kile kipande walichotoa hazikuwa safi, kwamba saratani ilikuwa imebaki na imeingia kwenye mitoki, akataja mionzi. Mashine ya mionzi haipo Bukavu. Ilibidi kuvuka mpaka. Nilikuwa na karatasi zangu za safari tayari, na zako nilikuwa nimezifuatilia wiki nzima. Ukaniuliza swali moja tu: "Na Nabintu?" Nabintu hakuwa na karatasi. Nikasema nitakwenda mimi, nimeomba ruhusa kazini. Ukanishika mkono vizuri, kwa upole, ukasema, "Tungojee yake itoke."

Tukangoja. Kidonda hakikungoja. Homa ikaingia, ukaacha kula, na hata karatasi yake ilipotoka, daktari alisema safari yenyewe ingekuua njiani. Sijui kama mionzi ingekuokoa. Nawaambia wengine kwamba ulikuja kwa kuchelewa, na huo ndio ukweli. Lakini nikiwa peke yangu nasema: alinikataa mimi.

Ulikufa asubuhi ya mvua. Nilikuwa kwenye moto-teksi, tumekwama kwenye matope ya barabara ya Nyantende, nikashuka nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Nilifika nikakuta kichwa chako kwenye mapaja yake na macho yako ameshayafumba. Wanawake wa shirika la kanisani walipokuosha, walinitoa nje, ndiyo desturi, mtoto haoshi mzazi. Yeye aliwaongoza. Kwa hiyo, Mama, mpaka leo sijakiona kidonda kilichokuua.

Kwenye kilio watu walikuwa wanampa pole yeye kwanza. Baada ya kilio aliniomba kikwembe chako cha bluu, kile cha misa, akumbuke. Nilimwambia nimeshakigawa. Uongo. Kilikuwa chini ya nguo kwenye valizi yangu. Kuanzia siku ile sikuongea naye miezi mitano.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, lile lililonifanya nichukue kalamu.

Ilikuwa Jumanne, mwisho wa kiangazi, vumbi la Cimpunda limeingia mpaka kwenye masanduku ya dawa. Nilipotoka kuita mgonjwa wa tatu nilimwona Nabintu kwenye benchi, amevaa nguo za Jumapili. Mwenzangu alikuwa ameshamwambia aingie kwake, akakataa. "Nangojea Riziki," alisema.

Aliingia, akafunga mlango mwenyewe. "Nimekuja kwako," akasema. "Iko inaniwasha, sasa miezi mbili. Nilikamata kioo, nikaangalia. Niliona kitu kama ya mama yako ya mwanzo."

Alikamata kioo, Mama. Hakuna mwanamke mmoja kati ya wale mia na zaidi niliowahubiria aliyewahi kuniambia hivyo. Alijua cha kutafuta kwa sababu alikuosha. Ugonjwa wako ulimfundisha yeye, na hilo ndilo lililokuja kwanza kichwani mwangu. Sikuwaza "maskini Nabintu." Niliwaza: hata kifo cha mama yangu kimemfaa yeye.

Alipanda kitandani, akajifunua bila haya. Nikatazama. Ngozi ilikuwa nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani ya weupe ule kulikuwa na doa jekundu lililoinuka kidogo, gumu, kama punje ya hindi. Nikabonyeza kinena, kushoto na kulia. Hakuna mtoki hata mmoja. Nilijua palepale nini kinatakiwa: hospitali, kipande kikatwe, kipimwe, haraka.

Akiwa bado amelala, akaniuliza akitazama dari. "Riziki, ni juu nilimuosha? Watu ya Nyantende wanasema nilikamata kansere yake mu mikono."

Jibu nililijua. Saratani haipiti mikononi, wala kwenye maji ya kuogea, wala kwenye kitambaa. Unamwosha mgonjwa wa saratani, unamlisha, unamkumbatia, haikurukii. Ni sentensi moja, na nimeisema mara nyingi kwa watu nisiowajua.

Nikasema, "Daktari atakuambia."

Akavaa. Nilimwona akiitazama mikono yake, wa kushoto kisha wa kulia, kabla ya kuchukua mkoba.

Niliandika karatasi ya kumpeleka hospitali. Nikamwambia inahitaji muhuri, aende nyumbani, nitamtumia. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Nikakunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa blauzi yangu nyeupe ya kazi, na ikakaa humo Jumatano, ikakaa Alhamisi. Sikutaka afe, Mama, naapa. Nilitaka angoje. Nilitaka naye akae kwenye benchi ya korido, mlango umefungwa, asijue wanasema nini ndani. Siku chache tu, nilijiambia. Saratani changa haikimbii kwa siku nne. Hayo ndiyo nilijiambia, mimi muuguzi.

Ijumaa nikasimama mbele ya wanawake kama kawaida. Nilikuwa nimeshaanza, tangu ulipoondoka, kuwaeleza na ya nje pia. Nikawaambia: muwasho usioisha hata ukipaka dawa, doa jeupe au jekundu au jeusi ambalo halikuwepo, kijinundu, kidonda kinachokataa kupona, maumivu ukikojoa, damu isiyo ya mwezi, hasa kwa ninyi mlioacha kuona mwezi. Si kila doa ni saratani, nikasema, mara nyingi siyo, lakini aliyeona asikae nayo. "Usingoje," nikasema. "Ukiona leo, njoo leo." Nikainama kuonyesha kinena kilipo, na karatasi ikakwaruza mfukoni.

Sikuweza kuendelea. Mwanamke mmoja wa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Maman munganga, unalia?"

Kesho yake nilikwenda Nyantende. Nilimkuta Nabintu shambani anapalilia mihogo. Nikampa karatasi, nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, bila kupunguza. Kwamba muhuri ulikuwepo. Kwamba nilifanya makusudi. Kwamba na kikwembe ninacho.

Aliweka jembe chini. "Siku ine," akasema. Akakaa kwenye udongo, akaifungua karatasi, akaitazama ingawa kusoma hajui vizuri. Nilingoja matusi. Ningeyapokea.

"Unafikiri weye tu ndiye uko na wivu?" akasema mwishowe. "Mama yako alikuwa na mutu wa kumuficha. Alikuwa anaamuka asubui anawaza: nitafanya namna gani Riziki asijue. Miye nitamuficha nani? Niliolewa miaka kumi na mbili, sikuzaa, bwana akanirudisha. Nikilia mu nyumba yangu, kuku ndio zinasikia."

Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo. Maisha yangu yote ameingia na kutoka kwetu, na sikuwahi kujiuliza akitoka anarudi kwa nani.

"Mara tatu nilimuambia: tumuambie mutoto, iko munganga. Alikasirika, akaniapisha. Unajua alisemaka nini? Alisema: Riziki anaona bidonda kila siku kule ku kazi. Hapa kwangu, aone mama yake tu."

Mama. Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa sababu. Nililia pale katikati ya mihogo, na nitakuambia ukweli, sikulia kwa sababu ni maneno mazuri. Nililia kwa kuwa hata hayo ulimpa yeye. Mimi ndiye nilikuwa ndani ya maneno hayo, na yeye ndiye aliyeyasikia kinywani mwako.

Kisha nikajifuta, nikamjibu lile swali lake. Nikamwambia hapana, maman, si kwa sababu ulimwosha. Haipiti hivyo. Haijawahi kupita hivyo. Akafumba macho muda mrefu. Ndipo nikaelewa kwamba katika siku zile nne, mzigo wake haukuwa karatasi.

Jumatatu tulikwenda Ibanda. Daktari ni yuleyule. Alipotuita, Nabintu alinishika kiganja akanivuta ndani, nami nikaingia nikasimama upande wa kichwa chake. Nilimwona daktari akichoma ganzi, akikata kipande. Nilishika taa. Nilikuwa pale ambapo nilitaka kuwa, Mama, kwa mtu ambaye siye.

Jibu likasema ni saratani, changa kabisa, haijazama hata milimita moja. Maana yake hakuhitaji kufunguliwa kinena, wala mionzi, wala kuvuka mpaka. Walikata doa lile pamoja na ngozi nzima kidogo kulizunguka, wakashona. Kingo zikatoka safi. Ule weupe uliobaki wanautibu kwa dawa ya kupaka, ya kutuliza ngozi, siyo zile za fangasi mlizokuwa mnanunua, na watautazama maisha yake yote, kwa sababu unaweza kurudia. Alitoka hospitali kabla ya wiki kuisha.

Mimi ndiye nilimwosha. Alikaa kwangu Cimpunda wiki tatu, na kila asubuhi kabla ya kazi nilimwekea beseni la maji ya uvuguvugu, nikasafisha, nikakausha kwa kugusagusa. Mshono ulikuwa mdogo, msafi, wa rangi ya waridi. Niliuonea wivu mshono ule. Niliutazama nikasema moyoni, huu ulipaswa kuwa wako. Ungekamata kioo. Ungenipigia simu. Ningekuja usiku ule ule, ningegeuza uso kama ungetaka, ningemwita mwingine akutazame. Ulikuwa na njia elfu za kuniambia bila kunionyesha.

Nabintu alisikia pumzi yangu ikikatika. Alinipapasa kichwa kwa mkono wake mmoja mpaka nikamaliza kazi.

Kazini mambo yamebadilika. Sasa kila mwanamke anayekuja kutazamwa mlango wa kizazi, naanza nje, polepole, nikimweleza ninachokitazama. Natamka sehemu zile kwa majina yake. Wazee wanaziba midomo wakicheka, halafu mmoja anabaki nyuma wenzake wakiondoka. Mwezi uliopita amebaki mmoja wa miaka sabini, kutoka juu kule kwenye kona ya barabara. Alikuwa na ngozi nyeupe tu, hakuna kingine. Alirudi kwao na tyubu ya dawa na tarehe ya kurudi. Sikumwambia kuhusu wewe. Siri yako naitunza, ingawa hukunipa mwenyewe.

Wiki iliyopita ilikuwa miezi mitatu tangu Nabintu ashonwe. Daktari alitazama, akabonyeza kinena, akasema hakuna kitu, mrudi baada ya miezi mingine mitatu. Tukapita mezani kuandikisha tarehe. Karani, kijana wa kiume mwenye miwani, akamwuliza bila kuinua kichwa, "Na huyu mwenye alikusindikiza, ni nani wako?"

Nabintu akasema, "Ni mutoto yangu."

Kalamu ikaandika. Mama, nilikuwa na muda wa kusema hapana. Karani aliandika polepole. Ningeweza kusema ni jirani, ni rafiki ya marehemu mama yangu, ni muuguzi wake. Nilifungua mdomo, nikakuwaza wewe kule chini ya udongo, na nikaufunga. Tuliteremka ngazi ameshika mkono wangu, nami nikauacha ushikwe.

Nitamsindikiza tena, na tena, kila tarehe watakayoandika, hata ikiwa miaka. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na si kwa sababu nimekwisha kusamehe. Bado sijawasamehe, wala yeye wala wewe. Nitakwenda nikiwa na wivu wangu hivyohivyo.

Lakini kama huko uliko mtu anaweza kuona wivu, basi uone, Mama. Uone kidogo. Mimi nimechoka kuubeba peke yangu.

Pumzika.

Mwanao, wako wewe hata kama wameandika vingine,
Riziki